Kiinimacho na Itikio

Mfanya mazingaombwe huficha mkono. Mzee wa Kiiraqw hafichi neno. Katika Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, slufay, dua ndefu ya kishairi, hughaniwa na mwanamume mtu mzima mbele ya kadamnasi, nayo kadamnasi humwitikia kituo kwa kituo. Huombwa mvua, rutuba na amani, maradhi hufukuzwa. Anayeianza uzeeni haanzi patupu: ujanani aliketi miongoni mwa waitikiaji, na huko ndiko chuoni kwake.

Robert J. Thornton aliijadili slufay katika kitabu chake cha 1980 kuhusu Wairaqw. Hata hivyo, slufay ikichapwa hubaki nusu. Karatasi huhifadhi kauli ya mghani, itikio likawa alama tu ya pembeni, ilhali nguvu ya maneno haya imo katika ridhaa ya wengi, kama dua ya pwani isivyotimia bila ya “amin”. Hapo ndipo tafsiri hupwaya.

Basi hatari ya fani hii si kufa kwa wazee. Uzee haukosi warithi. Hatari ni vijana kuacha kuitikia. Asiyeitikia leo, kesho ataghani nini?