Juu ya Kuchora Miti Mikavu ya Uluguru

Atazamaye picha za milima ya Uluguru, zile zitundikwazo katika kumbi za wageni na zile zichorwazo na wanafunzi, aghalabu huona mpango mmoja. Mlima ni wa buluu, shamba ni la kijani, na kila mti umevaa majani yake yote kama mwalikwa wa arusi. Mti uliokufa haumo. Wala haukuachwa kwa kuwa ni adimu. Mtu akiondoka Morogoro Mjini asubuhi, akaipita Boma na kushika njia ipandayo Morningside, kwenye jengo la enzi ya Wajerumani, hafiki bila kukutana na visiki vya mikaratusi, au mwembe mkongwe uliokauka upande mmoja, au gogo lililolala kando ya kijito, limeota kuvu kama masikio. Mchoraji amepita papo hapo. Ameyaruka magogo hayo kwa mguu, kisha akayaruka kwa penseli.

Jambo hili lastahili kuhakikiwa, kwani si upungufu wa somo moja tu kati ya masomo mengi. Mti wenye majani humsamehe mchoraji. Majani ni mengi, hakuna ayahesabuye, na wingu la rangi ya kijani likiwekwa juu ya mstari wa kahawia hupokewa na kila mtu kuwa ni mti. Mti mkavu hausamehi. Kila utagaa uko wazi, na kila kwapa la tawi laonyesha kama mchoraji aliliona au alilibuni. Leonardo da Vinci aliandika katika madaftari yake kwamba unene wa matawi yote ya mti kwa kimo kimoja, yakikusanywa pamoja, hulingana na unene wa shina lililo chini yake. Kanuni hiyo haisimami kwa kila mti. Hata hivyo, mwanafunzi akiipima kwa jicho juu ya mwembe mkavu atatambua upesi kwamba matawi aliyozoea kuyachora yangelivunja mashina aliyoyachorea.

Lugha ya Kiswahili imekwisha kufanya nusu ya kazi hii. Shina si gogo, wala gogo si kisiki. Shina husimama juu ya mizizi yake, gogo limelala, kisiki ndicho kilichobaki ardhini baada ya shoka au upepo, gutu ni kipande cha tawi lililokatika, kikabaki kimechomoza kama mkono usio na kiganja. Kuna gome, kuna kiini, kuna fundo, kuna mvungu. Mwenye maneno hayo ana macho zaidi ya yule asemaye "mti" na kunyamaza, na ni ajabu kwamba maneno hayo hukaa kinywani mwa seremala na mkata kuni lakini hayaingii katika darasa la uchoraji. Kisiki chenyewe ni neno la kutahadhari nalo. Visiki vingi vya mlimani havikufa. Mkaratusi ukikatwa hutoa machipukizi mengi ubavuni, na baada ya masika kisiki chake huwa kichaka. Anayekichora kama kaburi amesahau kuuliza.

Swali lenyewe ndilo msingi wa uchoraji huu: mti huu umekufaje? Jibu limeandikwa mwilini mwake. Mti ulioungua kwa moto wa nyasi katika mteremko aghalabu huwa na kovu upande uelekeao juu ya mlima, kwa sababu majani makavu hukusanyika hapo, na ulimi wa moto hujizungusha nyuma ya shina na kukawia. Mti uliobanduliwa gome duara zima, kwa ajili ya dawa, hufa polepole kuanzia mizizini, kwani chakula kishukacho kutoka majanini hupita katika gome la ndani. Nao huachwa umesimama na mkanda mtupu kiunoni. Mti uliokabwa na jamaa za mkuyu huacha kisa cha ajabu kuliko vyote. Mbegu iliyoangushwa na ndege huota juu kabisa tawini, hushusha mizizi, mizizi huungana, na mti mwenyeji ukisha kufa na kuozea ndani, hubaki nyumba ya kimia isiyo na mwenye nyumba. Atakayekichora kimia hicho hana budi kulichora pia shina ambalo halipo.

Tena kila mti una namna yake ya kufa. Mbuyu, ambao wachoraji huupenda kupita kiasi, hausimami siku nyingi ukisha kufa. Mwili wake ni laini wenye maji mengi, nao huporomoka ukawa rundo la nyuzi. Mninga huweza kusimama miaka, kiini chake kikiwashinda mchwa hali mbao laini ya nje imekwisha kuliwa. Mpingo huipita yote, ndiyo maana mtu asiyeshindika huitwa kisiki cha mpingo. Kwa hiyo zile picha za "mbuyu mkavu" ulionyoosha matawi mbinguni mbele ya jua jekundu ni, mara nyingi, picha za mbuyu mzima wakati wa kiangazi ulioangusha majani yake tu. Mchoraji amemzika aliye hai, na watazamaji wamehudhuria mazishi bila kuuliza jina la marehemu.

Rangi nayo yadai uangalifu huo huo. Jua huivunja ile sehemu ya mbao iipayo ukahawia wake, mvua huiosha, na zinazobaki ni nyuzi za rangi ya fedha. Mwanafunzi huchanganya nyeusi na nyeupe akapata kijivu cha saruji, na mti hufa mara ya pili. Kijivu cha gogo la Uluguru kina buluu upande wa kivuli, na chini kina wekundu wa udongo ambao mchwa wameupandisha kama mshipa juu ya gome. Penseli yaweza mengi hapa kuliko brashi, mradi ianze na uzi wa mbao, ambao katika mashina mengi hujisokota kama kamba, wala isianze na mpaka wa nje.

Kwa nini basi somo hili limeachwa? Sababu mojawapo ni ya kihistoria, na yaweza kusemwa bila kuwavunjia heshima waliohusika. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, hakutaka wanafunzi wake wafuate picha za Ulaya. Alipenda kuwasomea maelezo ya tukio, nao wachore walichokiona moyoni. Katika mafunzo hayo alitoka Sam Ntiro (1923–1993), mwana wa Uchagani, ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika mjini London. Picha zake za watu wakifanya kazi kati ya migomba zina utulivu na heshima ambayo wachache wameifikia. Lakini miti yake ni miti ya kumbukumbu: mviringo, mizima, imepangwa kama jamaa waliokaa kupigwa picha. Kumbukumbu huhifadhi mti kama ulivyopendwa. Haihifadhi ufa wake. Trowell alipoondoka mwaka 1958, Cecil Todd aliyemfuata aliweka mkazo zaidi katika kuchora kwa kutazama na katika elimu ya rangi, lakini tabia ya kwanza ilikuwa imekwisha kukita mizizi.

Akaja Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro mwaka 1932 na mwanafunzi wa Makerere vile vile, ambaye alishiriki kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Shauri lake kwa wasanii lajulikana Afrika ya Mashariki nzima: wasinakili, kwani kunakili humlaza Mungu usingizi. Ni shauri la kweli. Walakini wengi wamelipokea kama ruhusa ya kutotazama, na hapo ndipo madhara yalipoingia. Kunakili picha ya mtu mwingine ni kurudia maamuzi yake. Gogo halina maamuzi ya kurudiwa. Halina mistari, lina nyufa elfu, na mchoraji ndiye achaguaye kumi zitakazosema habari za zile nyingine zote. Anayekaa saa tatu mbele ya shina lililoungua hajamlaza yeyote. Aliyelala ni yule achoraye mti ule ule wa mstari na wingu kila siku, akijisifu kwamba hakuiga, kumbe amejiiga mwenyewe. Maneno haya yawahusu pia baadhi ya warithi wa Edward Saidi Tingatinga (aliyekufa 1972): bwana huyo alibuni alama ya mti kwa furaha na ujasiri, na wao wameirithi alama wakaacha ubunifu.

Mfano wa mtu aliyetazama waweza kuchukuliwa mbali. John Constable, mchoraji wa Uingereza, yapata mwaka 1821 alichora kwa rangi za mafuta juu ya karatasi shina la mti wa elmu, shina tu, bila kilele, gome lake likiwa na mipasuko kama shamba la kiangazi. Picha hiyo ndogo imo katika jumba la makumbusho la Victoria na Albert mjini London. Hakuna kisa ndani yake; hata hivyo miti ya elmu ya Uingereza iliuawa kwa mamilioni na ugonjwa wa kuvu uliopamba moto tangu mwisho wa miaka ya 1960, na picha iliyokuwa zoezi la mkono imekuwa ushahidi. Constable huyo huyo, katika mhadhara wa mwaka 1836, alieleza habari za mti mmoja mzuri wa Hampstead alioupenda na kuuchora. Ubao wa kuwaonya maskini wazururaji ulipigiliwa juu yake kwa misumari mirefu. Mti ukaanza kukauka juu, nusu yake ikafa, kisha nusu ya pili, na mwishoni ukakatwa ukabaki kisiki cha kimo cha kuushika ubao tu. Alisema kwa nusu ya mzaha kwamba mti ulikufa kwa kuvunjika moyo. Mtaalamu wa misitu angecheka. Lakini angalia kwamba mchoraji alijua misumari ilikuwa mingapi. Ilikuwa miwili.

Si kila mti mkavu wa Ulaya ni mwalimu mwema. Caspar David Friedrich, Mjerumani, alizungusha mialoni mitupu kuzunguka magofu ya abasia katika picha ya miaka ya 1809 na 1810, na tangu hapo mti mkavu umekuwa vazi la msiba tayari kushonwa. Paul Nash alipochora mwaka 1918 mashina yaliyokatwa na mizinga ya vita vya kwanza, msiba ulikuwa na sababu, na sababu yaonekana. Kijana wa Morogoro akiazima msiba huo bila vita na bila theluji, picha yake huwa kama mtu aliaye katika matanga asiyoyajua. Mlimani Uluguru mti uliokufa haukai peke yake katika majonzi: umejaa siafu, sandarusi za utomvu, kigong'ota, na mtoto mwenye panga. Karibu zaidi na hali hiyo ni mchoro wa wino wa mti mkavu na jiwe uhesabiwao kuwa wa Su Shi, mshairi wa Uchina aliyekufa mwaka 1101. Shina limejikunja kama ngumi, wala haliombi huruma.

Hata hivyo mwalimu aliye karibu kupita wote hachori. Mchonga vinyago wa Kimakonde huanza na gogo lililokufa, na heshima yake kwa gogo hilo ndiyo sanaa yake. Katika mtindo wa shetani, ambao huhusishwa na Samaki Likankoa na miaka ya 1950, tawi lililopinda haliondolewi ili kinyago kinyooke. Kupinda kwake huwa goti, au ulimi, au tumbo. Mbao nyeupe ya nje ya mpingo huachwa mahali inapofaa na kiini cheusi hufunuliwa mahali kinapofaa. Tezo limeuliza swali lile lile ambalo penseli inaliogopa: gogo hili lilikuwa likielekea wapi? Afrika ya Mashariki basi haikukosa sanaa ya mti mkavu. Imeikosa katika karatasi.

Liko pia zuio ambalo vitabu vya Ulaya havikulitaja, nalo ni jiko. Katika miteremko iliyo juu ya mji, mti mkavu ni kuni, na kuni hazingoji mchoraji. Ndani ya msitu ulio juu, uliotangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, gogo huachwa kuoza kwa ratiba yake, kuvumwani na chini ya madege ya ukungu, na aendaye huko kwa kibali aweza kulikuta mwaka ujao likiwa na umbo lile lile. Chini, karibu na mashamba, aliyeanza mchoro Jumamosi akitumaini kuumaliza Jumamosi ifuatayo hukuta vipande vya gome na unga wa mbao. Hana haki ya kulalamika, kwani mama aliyelichukua alikuwa na haja kubwa kuliko yake. Lakini hali hiyo yabadili kazi. Mchoro wa hapa hauna budi kumalizwa kwa kikao kimoja, na pembeni mwa karatasi iandikwe tarehe, mahali, upande uliokuwa na kovu, na jina la mti kwa Kiluguru kama linavyotajwa na wale walioujua ukiwa na kivuli. Jina hilo aghalabu hupatikana kwa yule yule mama mwenye mzigo wa kuni kichwani, naye husimama kidogo, akaitazama karatasi, akaonyesha kwa kidole tawi lililosahauliwa.