Swastika na Kulabu ya Wanazi: Uhakiki wa Istilahi

Kazi ya istilahi si kukipa kitu jina tu, bali pia ni kukitenga na kitu kingine kinachofanana nacho. Katika makala haya nakusudia kuhakiki matumizi ya neno moja, yaani "swastika", ambalo wafasiri na walimu wetu wa historia wamezoea kulitumia kwa alama mbili zisizostahili kukaa chini ya jina moja. Aghalabu twasoma "bendera ya swastika" au "utawala wa swastika", pasipo msomaji kuambiwa kwamba neno hilo ni la dini iliyo hai, na kwamba waumini wake wengine ni raia wenzetu.

Neno hili asili yake ni Kisanskriti. Limejengwa kwa "su", maana yake "njema", na "asti", maana yake "kuwa" au "kuwapo". Kwa hiyo swastika ni alama ya hali njema, au kwa neno letu, heri. Wahindu huichora milangoni, katika mahekalu na kwenye kadi za arusi. Wafanyabiashara wenye asili ya Gujarati, ambao wamekaa katika miji yetu kwa vizazi vingi, huichora katika daftari jipya la hesabu wakati wa Diwali, na kwa lugha yao huiita "sathiyo". Kwa Wajaini, ambao hekalu lao la Mombasa ni mashuhuri, mikono yake minne hukumbusha hali nne ambazo kiumbe aweza kuzaliwa nazo: kiumbe wa mbinguni, mwanadamu, mnyama au mmea, na kiumbe wa motoni. Wabudha nao wanayo, na katika ramani za Japani huonyesha mahali penye hekalu la Kibudha.

Wanazi waliipataje? Hawakuitwaa moja kwa moja kutoka mikononi mwa Wahindu. Katika miaka ya 1870 Heinrich Schliemann aliikuta alama hiyo juu ya vyombo alivyofukua Troy, na baadaye wenye siasa kali za taifa huko Ujerumani wakadai kuwa ni alama ya mbari yao waliyoiita ya "Kiarya". Mwaka 1920 chama cha Hitler kiliiweka katika bendera yake, na tarehe 15 Septemba 1935 bendera hiyo ikafanywa kuwa ya taifa. Lakini wao wenyewe waliiita "Hakenkreuz": "Haken" ni kulabu, na "Kreuz" ni msalaba. Ni magazeti na vitabu vya Kiingereza vilivyolieneza jina la Kisanskriti kwa alama ya Kijerumani. Nasi, kwa kuwa twafasiri kutoka Kiingereza, tumelipokea kosa hilo bila ya kulikagua.

Isidhaniwe kuwa jambo hili ni la mbali. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi Tanganyika kuanzia mwaka 1925, wengi walifungua mashamba, wakiwamo waliokaa huku Nyanda za Juu Kusini. Baada ya Hitler kutwaa madaraka mwaka 1933, chama chake kilikuwa na matawi miongoni mwa walowezi hao, na Ujerumani ikawa inadai kurudishiwa makoloni yake. Mwezi Septemba 1939 vita vilipoanza, Waingereza waliwaweka Wajerumani hao kizuizini. Hivyo, katika nchi hii moja, alama zenye umbo moja zilikuwapo wakati mmoja: moja katika daftari la duka la Mhindu, nyingine katika bendera ya watu walioamini kuwa Mwafrika na Mhindi wote ni duni. Mwalimu anayeziita zote mbili "swastika" hamfundishi mwanafunzi historia, anamvuruga.

Tena mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wamekwisha kuondoka, na mwezi Septemba wa mwaka huohuo alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa simu ya maandishi akimsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwamo Wahindu wengi. Walioporwa alama yao na Hitler wakaja kuporwa nyumba zao na aliyemsifu Hitler. Je, ni haki lugha yetu nayo iwapore jina?

Wako wanaojaribu kutatua tatizo kwa kusema kwamba alama ya Kihindu huelekea kulia na ya Wanazi huelekea kushoto. Maelezo hayo si sahihi. Wahindu hutumia zote mbili, na ile ya kulia ndiyo iliyo ya kawaida zaidi. Ya Wanazi nayo huelekea kulia, ila aghalabu imeinamishwa, ni nyeusi, nayo imo ndani ya duara jeupe juu ya kitambaa chekundu. Tofauti ya msingi haiko katika upande wa mikono bali katika matumizi. Basi kazi ya kutofautisha ni ya jina, wala haiwezi kuachiwa jicho.

Yapo mapendekezo matatu ya kufikiriwa:

(a) "Swastika ya Nazi". Hili laendeleza kosa. Pia lina taabu yake katika Kiswahili, maana "nazi" kwetu ni tunda la mnazi. Herufi kubwa humsaidia msomaji, lakini haimsaidii msikilizaji wa redio.

(b) "Msalaba kulabu". Hii ni tafsiri sisisi ya neno la Kijerumani. Hata hivyo, kwa Mkristo msalaba ni alama ya wokovu. Tukilitumia, tutakuwa tumeliondoa kosa mlangoni mwa Mhindu na kuliweka mlangoni mwa Mkristo.

(c) "Kulabu ya Wanazi". Hili huchukua sehemu ya jina walilolitumia wenyewe, humtaja mtendaji kwa kiambishi cha watu, na halimgusi muumini wa dini yoyote. Hili ndilo ninaloliunga mkono.

Itasemwa kwamba neno "swastika" limekwisha kuchafuka, na kwamba aliyenusurika katika mauaji ya Wayahudi milioni 6 hawezi kuitazama alama ile bila ya uchungu. Uchungu huo ni wa kweli na lazima uheshimiwe. Ndiyo sababu alama iliyousababisha yapasa iwe na jina linalomtaja mkosaji waziwazi. Kuhusu kuchafuka, tutazame neno "Bantu". Ni neno la wataalamu wa lugha, lililotokana na mzizi wa "mtu". Makaburu wa Afrika Kusini walilitwaa wakalitia katika sheria zao za ubaguzi, kama ile ya elimu ya mwaka 1953. Hata hivyo, hapa Tanzania hatukuacha kusema "lugha za Kibantu", wala hatukukubali kwamba Kaburu ndiye mwenye neno hilo. Haki tuliyojipa sisi, kwa nini tumnyime Mhindu?

Baadhi ya nchi zimekwisha kuitambua tofauti hii. Mwaka 2022 jimbo la Victoria nchini Australia, na jimbo la California nchini Marekani, yalitumia neno la Kijerumani katika sheria za kudhibiti alama ya Wanazi, ili swastika ya Wahindu, Wabudha na Wajaini isiguswe.

Sisi tuishio Chapwa, karibu na mpaka wa Tunduma, twajua kwamba mzigo ulioandikwa katika hati jina lisilo lake huzuiwa, hata kama wenyewe ni halali. Afisa anayekuta alama hii juu ya pakiti ya ubani kutoka India anahitaji jina litakalomwonyesha kuwa ameona alama ya heri, si ya chuki. Napendekeza basi kwamba "swastika" libaki kwa maana yake ya dini tu, na "kulabu ya Wanazi" litumike katika vitabu vya historia, tafsiri na hati za serikali. Wasomaji wenye pendekezo bora zaidi wanaombwa walitoe, ili lijadiliwe kabla ya istilahi hizi kusanifiwa.