Juu ya "Jina la Ukoo" katika Wasifu wa Kijerumani

Mtu wa Bukoba au Muleba aombaye kazi ama masomo huko Ujerumani hutakiwa kuandika Lebenslauf, yaani wasifu wake. Juu ya karatasi hiyo huweka jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na uraia. Kazi hii hudhaniwa kuwa nyepesi. Sisi twaona sivyo, na kosa kubwa limo katika tafsiri ya neno moja.

Neno Familienname hufasiriwa kwa desturi "jina la ukoo". Fomu zetu zimelizoea, lakini Muhaya humpoteza njia. Ukoo wake aujua sana. Una mwiko wake, uitwao omuziro, wala si lazima utajwe katika jina lake. Muhinda wa Ihangiro ni Muhinda hata kama cheti chake hakisemi hivyo. Tena jina la Kihaya aghalabu ni la mtoto peke yake: kaka aweza kuwa Mugisha, ndugu yake Rwegasira, na dada yao Kokushubira, nao wote ni wa baba mmoja. Familienname, kinyume chake, kwa kawaida hushirikiwa na watu wa nyumba moja. Basi kwa tafsiri hiyo mmoja ataandika ukoo, wa pili jina la baba, wa tatu jina lake la Kihaya. Na wasifu usipopatana na pasipoti, msomaji atashuku kuwa hao ni watu wawili.

Wajerumani wenyewe wanalo neno jingine, Nachname, yaani jina lifuatalo, likipambanuliwa na Vorname, jina la mbele. Hapo pasemwa mahali pa jina, si nasaba. Kwa hiyo "jina la mwisho" ni tafsiri bora, nalo liandikwe vile vile kama lilivyo katika pasipoti.

Mahali pa kuzaliwa nako kwahitaji uangalifu. Muleba ilikuwa zamani sehemu ya wilaya ya Bukoba, na mkoa wa Kagera uliitwa Ziwa Magharibi hadi 1979. Mzee wa Kamachumu aweza kuwa na cheti kisemacho Bukoba. Na akifuate cheti chake, asikisahihishe kwa ramani ya leo.

Neno ledig ladai hadhari ya namna nyingine. Sisi husema "hajaoa" au "hajaolewa". Twapambanua mume na mke, na kiambishi -ja- chadokeza kwamba jambo lingali latazamiwa. Ledig halisemi lolote katika hayo. Isitoshe, Ujerumani ina sheria ya 2006 ikatazayo ubaguzi katika kazi, na mwombaji halazimiki kutaja ndoa yake wala kubandika picha.

Mfasiri asiyepima maneno haya humpa mwenziwe jina lisilo lake. Na katika wasifu, jina ndilo mlango.