Kidole kinangoja jibu gani?

Ku Kasenga, pembeni ya Luapula, nilimwona mama mmoja wa samaki akituma franga kwa telefone ya ekra ya mtoto wake. Alikuwa anakandamiza namba kwa nguvu, sawa vile mu telefone yake ya zamani ya mabutoni, na vidole vyenye maji. Namba ya mwisho ikaandikwa mara mbili. «Hii telefone haijibu!» Mtoto akacheka: «Mama, angalia ekra, imejibu.» Minaona mama njo alikuwa na haki. Macho yalipata jibu, kidole hakikupata.

Mafundi wa telefone wanajua hii mambo. Mwaka 2016 Apple ilitoa iPhone 7 yenye butoni ya chini isiyoshuka hata kidogo. Ukiikandamiza, motere ndogo ndani inatikisa, na kidole kinaamini kitu kimeshuka. Zima telefone, butoni inakuwa sawa jiwe. Ni uongo, lakini uongo wenye umefuata kile kidole kilikuwa kinangoja. Kuweka mtikiso kila pahali ni kitu ingine: kwetu telefone ikitikisika, maana yake mtu anaita.

Sasa tuangalie machine à voter, ile ya Miru ya Korea Kusini yenye CENI ilitumia mu uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Wapinzani waliiita machine à voler, na tukabishana politike tu. Kuhusu kidole, nani aliuliza? Mwaka 2006 na 2011 watu walipiga kura ku karatasi, alama wanaiweka wenyewe. Hii mara unagusa picha ya kandida, unahakikisha, na mashine inachapa chaguo lako ku karatasi, unaikunja, unaitia mu sanduku. Ile karatasi njo pahali mashine ilifanya vizuri. Ingekuwa ekra peke yake na mtikiso mutamu sawa wa iPhone, ningeogopa zaidi: mtikiso unasema «nimekusikia», hauseme nimeandika nini.

Ubaya ni kwamba karatasi inakuja mwisho. Mbele ya pale, mtu mwenye hajashika ekra hata siku moja anagusa, hajui kama amechagua ao bado, anagusa tena, halafu anaita mtu amuonyeshe. Na siri ya kura yake inaishia palepale.

Ule mama, kwa kutuma franga, alirudi ku mabutoni yake. Telefone ya mtoto anaishika kwa kuangalia picha.