Akiba ya Mapigo: Jinsi Kanda za Moyo Zinavyokokotolewa

Kanda za mapigo ya moyo, yaani viwango vya kasi ambavyo mfanya mazoezi hupangiwa ili asizidishe wala asipunguze juhudi, hujengwa juu ya namba mbili: kasi ya juu kabisa ambayo moyo unaweza kuifikia na kasi yake unapopumzika. Namba ya pili hupimwa, ilhali ya kwanza aghalabu hukisiwa, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia.

Ukisio uliozoeleka ni ule wa kutoa umri kwenye 220, uliotokana na kazi ya Samuel Fox na wenzake ya mwaka 1971, ambao walipitisha mstari wa wastani katikati ya matokeo ya tafiti zilizotangulia. Wastani haumwelezi mtu mmoja mmoja, kwani watu wawili wa rika moja wanaweza kupishana kwa mapigo 20 kwa dakika na wote wakawa wazima wa afya. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walipendekeza 208 kutoa asilimia 70 ya umri. Kwa mwenye miaka 40 kanuni zote mbili hutoa 180, lakini kwa mwenye miaka 60 ile ya zamani hutoa 160 na hii 166.

Njia iliyo bora zaidi, kwa kuwa huingiza namba iliyopimwa, ilitoka Ufini, ambako Martti Karvonen na wenzake walichapisha mwaka 1957 utafiti wao juu ya vijana waliofanyishwa mazoezi ya kukimbia. Msingi wake ni akiba ya mapigo, yaani nafasi iliyopo kati ya moyo uliotulia na moyo uliofika kikomo. Asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, vidole viwili huwekwa kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na mapigo huhesabiwa kwa dakika nzima. Ikiwa mtu wa miaka 45 amepata 65, naye anakisiwa kuwa na kikomo cha 175, akiba yake ni 110. Asilimia 60 ya akiba hiyo ni 66, ambayo ikijumlishwa na 65 hutoa 131. Anayechukua asilimia 60 ya 175 moja kwa moja hupata 105, kasi ambayo kwa wengi ni ya matembezi tu.

Suala la kupunguza uzito ndilo lililopotoshwa zaidi. Ni kweli kwamba katika juhudi ndogo sehemu kubwa ya nishati hutoka kwenye mafuta, na kadiri juhudi inavyopanda ndivyo mwili unavyogeukia wanga. Lakini asilimia si kiasi. Kwa mfano wa hesabu tu, asilimia 60 ya kilokalori 150 ni 90, ilhali asilimia 40 ya kilokalori 300 ni 120, na kinachopunguza uzito ni upungufu wa nishati wa siku na wiki, chakula kikiwemo. Thamani ya kanda ya chini ni nyingine, nayo ni kubwa: huvumilika kwa muda mrefu na kurudiwa kesho yake bila kuumiza viungo.

Hata kanda iliyokokotolewa vyema huyumba, kwani katika joto na upungufu wa maji mapigo hupanda ingawa mwendo haujabadilika, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hasa zile zinazopunguza kasi ya moyo, huifanya hesabu yote isitumike. Mtumiaji wa dawa hizo hupangiwa viwango na daktari, au huongozwa na pumzi yake, akibaki katika mwendo unaomruhusu kuzungumza sentensi nzima.