Picha za Watu Wengine
Mpiga picha wa Afrika Kusini, Santu Mofokeng, alianza kazi akiwa kijana, akizunguka mitaa ya Soweto na kamera yake enzi za ubaguzi wa rangi. Alikuja kupiga picha nyingi za kusifika. Kazi yake ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni ya picha za watu wengine: The Black Photo Album / Look at Me: 1890–1950, ya mwaka 1997.

Aliziendea familia za Waafrika akaomba kuona picha walizorithi. Kuna nyumba ambamo zilikuwa bado zimetundikwa, kwingine zimefichwa, kwingine zilishatupwa pamoja na takataka. Zilizosalia alizipiga upya, akarekebisha palipochakaa. Kisha ikaja sehemu ambayo wasanii wengi huiruka: kuuliza. Huyu ni nani? Nani alimpiga picha, wapi, na yeye mwenyewe alitaka aonekane vipi?

Matokeo yake ni slaidi 80 nyeusi na nyeupe, zinazomulikwa ukutani moja baada ya nyingine. Unamwona bwana wa suti na tai, bibi wa gauni refu la kubana kiuno, nyuma yao pazia la studio lililochorwa. Maandishi yana slaidi zake. Hayakupandishwa juu ya uso wa mtu. Ni jambo dogo, lakini ufundi uko hapo. Sura inapewa muda wake, habari zake zinapewa wake, na zisipopatikana anasema hazijulikani. Hakutunga. Wala hakuwacheka kwa mavazi yao ya Kizungu: anauliza tu kama waliiga au walidai heshima waliyonyimwa, na swali hakulijibu.

Iweke kazi hiyo kando ya The Bantu Tribes of South Africa, aliyoichapisha mpiga picha Alfred Duggan-Cronin kati ya 1928 na 1954. Picha ni nzuri, sibishi. Mwanga aliujua barabara. Ila mtu humo amewekwa kuwa mfano wa kabila lake, na jina lake si hoja.

Turudi kwa Mofokeng. Mtu atasema ruhusa ya mjukuu si ruhusa ya marehemu. Kweli, na karatasi iliyotiwa saini hailiondoi tatizo hilo. Lakini mjukuu huenda akajua ni kipi kingemwaibisha bibi yake, na habari ya namna hiyo haijazwi kwenye fomu. Huipati mpaka ukae, unywe chai, uondoke, urudi tena.

Pwani kwetu nako zipo kadi za posta za studio za Unguja, za kina Gomes na Coutinho, mwanzoni mwa karne ya 20: wanawake waliopambwa na kuketishwa, picha zao zikauzwa kwa wasafiri, mara nyingi bila majina. Leo msanii anaweza kuzinunua, akazikata, akazibandika kwenye turubai. Sipingi mkasi. Nataka tu kuona, pembeni mwa turubai hiyo, studio ilikuwa ipi, mwaka wa ngapi, na nani aliulizwa kabla gundi haijafunguliwa.