Mlevi wa Hong Kong Katika Kibandaumiza cha Kaisho: Nani Fanani?

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri jambo. Nilipompelekea mhadhiri mmoja pendekezo la kuandika juu ya filamu za kuchekesha za Kikantoni na namna zilivyopokelewa kwetu Karagwe na Kyerwa, alilisoma, akatabasamu, akaniuliza, "Sasa hizi zina maudhui gani?" Nikakosa jibu. Sote humu tumelelewa katika utaratibu wa kuipasua kila kazi vipande viwili, fani huku, maudhui kule. Ukiiweka mezani filamu ya kijana aliyelewa anayepigana kwa kuyumbayumba, kipande cha pili unakitafuta hukioni. Makala haya ni jibu nililolikosa siku ile, nami naliandika kama mtu aliyekaa kwenye mabenchi ya video kabla hajakaa kwenye mabenchi ya chuo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa shule ya msingi huko Kaisho. Wakati huo yote ilikuwa Karagwe; Kyerwa ilikuja kuwa wilaya ya peke yake mwaka 2012. Umeme wa gridi hatukuwa nao. Tulikuwa na jenereta moja, televisheni moja na deki moja, vyote vya bwana mmoja aliyejenga kibanda cha miti na udongo, akatundika magunia madirishani ili giza likae. Watu wa mjini huita kibandaumiza, na jina hilo ni la haki kabisa, kwa maana yale mabenchi ya mabanzi yalikuwa yanaumiza. Nje palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki: saa nane muvi fulani, saa kumi muvi fulani. Msimu wa kahawa, wazee wakishauza, kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa chini. Msimu ukipita, tulichungulia kwenye matundu ya ukuta.

Mkanda uliochezwa mpaka ukachakaa ni ule wa Jackie Chan wa mwaka 1978, Drunken Master, ulioongozwa na Yuen Woo-ping. Sisi tuliuita "Mlevi", basi. Kisa chake ni chepesi: kijana mtundu anamwaibisha baba yake kwa ugomvi na utovu wa adabu, baba anampeleka kwa mzee mmoja mlevi, ombaomba mwenye pua nyekundu, amfundishe kupigana. Mzee anamtesa. Anamning'iniza kichwa chini, amwambie ainuke na kujikunja kuchota maji kwa vikombe vidogo toka ndoo ya chini kujaza ya juu. Anafundishwa mitindo minane ya ngumi za kilevi, kila mmoja na jina la mmoja wa watakatifu wanane wa hadithi za Kichina. Wa nane ni mwanamke. Kijana anaudharau, hajifunzi. Mwishoni, adui amemlemea, ile mitindo saba imekwisha, na ndipo anapouhitaji ule aliouacha. Inabidi autunge papo hapo, kwa kubinua kiuno na kujifanya bibi harusi.

Sasa tuulizane kwa utulivu: hapo maudhui hakuna? Kijana huyo katika filamu anaitwa Wong Fei-hung. Kwa mtazamaji wa Hong Kong jina hilo si jina la mtu hivi hivi. Ni shujaa aliyekuwapo kweli, bingwa wa ngumi na tabibu wa kusini ya China, ambaye toka mwaka 1949 alikuwa ameigizwa katika filamu nyingi mno za Kikantoni na mwigizaji Kwan Tak-hing kama mzee mwenye busara, mpole, mfano wa maadili. Jackie Chan na Yuen Woo-ping walimchukua mzee huyo mtukufu wakamrudisha utotoni, wakamfanya mwizi wa chakula hotelini. Ni sawa na mtu kwetu aamue kutunga mchezo wa Rumanyika, yule mtawala wa Karagwe aliyempokea Speke mwaka 1861, akamwonyesha akiwa mvulana anayekimbizwa na shangazi yake kwa kuiba ndizi mbivu. Wazee wangecheka kwanza, halafu wangetazamana kuona kama inaruhusiwa kucheka. Hilo la kutazamana ndilo naliita maudhui.

Lakini mimi wa Kaisho sikujua lolote juu ya Wong Fei-hung. Nilicheka nini basi?

Nilicheka mwili kwanza. Jackie Chan ameeleza mara nyingi kwamba aliona Bruce Lee hawezi kuigwa, akaamua kwenda kinyume chake: pale Bruce alipopiga na kusimama kama sanamu, yeye apige halafu autikise mkono kwa maumivu. Mwili huo uliandaliwa. Alilelewa tangu mtoto katika shule ya opera ya mwalimu Yu Jim-yuen hapo Hong Kong, pamoja na Sammo Hung na Yuen Biao, kwa fimbo na sarakasi za kutwa nzima. Mzee mlevi mwenyewe ni Simon Yuen, baba mzazi wa mwongozaji, mtu wa ngumi na jukwaa kwa miaka mingi, aliyefariki mwaka 1979. Mwili wa namna hiyo hauhitaji tafsiri. Steringi akiumia, Mnyambo anaona ameumia.

Pili, na hapa ndipo ninapotaka kukaa, nilicheka mtafsiri. Kibanda chetu kilikuwa na kijana aliyewahi kuwa utingo wa malori ya Uganda. Alijua Kiganda, Kiswahili, na Kiingereza cha kuokoteza; Kikantoni hakujua hata salamu. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, akapunguza sauti, akasema yeye. Yule mzee mlevi alimwita Omugurusi, yaani mzee, na kile kibuyu chake tukaambiwa kina rubisi, tena rubisi ya kijiji fulani cha jirani kinachosifika kwa kulewesha. Baba mkali wa Wong Fei-hung alipewa sauti ya mwalimu wetu wa zamu. Adui mwenye mateke alikuwa mnunuzi wa kahawa mwenye mizani ya uongo, na alipoanguka kibanda kizima kilisimama, pamoja na wazee waliokuwa wamekuja eti kuwatafuta wajukuu.

Hayo hayakuwamo kwenye mkanda. Wapo wanaodai kwamba mtafsiri wa namna hiyo huharibu kazi ya wenyewe, na kwa upande mmoja wana haki. Lakini jamani, tuko hapa tunasoma tasnifu ya M. M. Mulokozi ya mwaka 1986 juu ya tendi za nanga za Wahaya, tunakubali kwamba utendi haukai peke yake bila mpigaji na waliomzunguka, halafu tukitoka darasani tunamwona kijana wa kibanda tunasema ni mpiga kelele! Yeye alikuwa na kisa kilichotungwa na wengine. Mpiga nanga naye visa vyake alivikuta. Yeye alisoma nyuso za hadhira, akarefusha palipochekesha, akaruka palipochosha. Kama huyo si fanani, basi tufute neno hilo kwenye mihtasari yetu.

Nilipofika chuo, na sasa nimerudi kwa shahada ya uzamili baada ya miaka ya kufundisha, nikagundua jambo lililonigeuza kichwa. Zile "muvi za Kichina" hazikuwa na lugha moja. Hong Kong watu wengi husema Kikantoni, lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 filamu zilizotamba mjini humo zilikuwa za Kimandarini, na mwaka 1972 filamu za Kikantoni zilikuwa karibu zimekwisha kabisa. Lugha ya mama ilibaki ya nyumbani na sokoni. Lugha ya skrini ikawa nyingine. Kilichoirudisha si tamko wala kamati. Ni kichekesho. Mwaka 1973 Chor Yuen alitengeneza The House of 72 Tenants, kisa cha wapangaji maskini waliobanana katika nyumba moja chini ya mama mwenye nyumba asiye na huruma, na filamu hiyo ikaongoza kwa mapato mjini humo mwaka ule, ikaipita hata Enter the Dragon ya Bruce Lee. Kuna onyesho moja humo la moto: wazima moto wanafika, lakini hawafungui bomba mpaka walipwe. Katika Kikantoni cha mitaani neno la maji ni neno la pesa pia. Basi mzimamoto anadai maji ndipo atoe maji. Unaona? Kwetu rushwa ni chai. Huko ni maji. Ukilitafsiri onyesho hilo neno kwa neno, moto unabaki na kicheko kinazimika.

Akafuata Michael Hui na ndugu zake Samuel na Ricky. Games Gamblers Play ya mwaka 1974, The Private Eyes ya mwaka 1976, Security Unlimited ya mwaka 1981: bosi bahili, wafanyakazi wanaonyonywa, nyimbo za Samuel kwa Kikantoni cha kila siku. Katika The Private Eyes kuna ugomvi wa jikoni ambapo Michael Hui anakamata soseji zilizoungana akazizungusha kama nunchaku za Bruce Lee. Hilo hata Kaisho lingechekesha. Lakini sikumbuki kuona filamu hata moja ya Hui kule nyumbani, na nadhani naelewa sababu: kicheko chake kingi kiko mdomoni. Vivyo hivyo Stephen Chow wa mwanzo, wa All for the Winner ya mwaka 1990 na Fight Back to School ya mwaka 1991, yeye na Ng Man-tat wakirushiana maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kilichovuka bahari kufika kwetu ni mwili. Mdomo ulibaki Hong Kong. Na pengo la mdomo ndilo alilolijaza yule utingo.

Alilijaza kwa lugha gani? Hapa naomba msomaji aniwie radhi nikisema la nafsi yangu. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao. Aliyeshikwa akisema kilugha alivalishwa shingoni mpaka amnase mwingine. Mimi nilikivaa, tena mara kadhaa, kwa sababu nilipofurahi Kiswahili kilinikimbia. Saa nane mchana navuliwa kibao. Saa kumi niko kibandani namsikia mtu mzima akiendesha muvi nzima kwa Kiswahili, halafu pale kwenye kilele, pale pa kuvunja mbavu, anaachia neno la Kinyambo. Kila mara pale. Alikuwa anajua anachofanya. Kiswahili kilitupa kisa, Kinyambo kilitupa kicheko, na hakuna aliyevalishwa kitu. Sisemi tuiache lugha ya taifa. Naandika kwayo na naipenda. Nasema tu kwamba watu wa Hong Kong walipata mwaka wao wa 1973, na sisi tulichopata ni utingo mwenye fimbo.

Nisimfanye malaika. Alipoona wahusika wanaongea kwa haraka alizoea kuongeza sauti ya mkanda, akaiga milio ya Kichina kwa kubana pua, nasi tukacheka milio yenyewe. Miaka michache baadaye nilifika sekondari nje ya mkoa, wenzangu wakaniiga namna ninavyotamka, kwa pua ile ile. Ule mtindo wa nane nao, wa mwanamke, aliugeuza kuwa matusi kwa kina mama wa gulioni, akaua jambo bora kuliko yote katika filamu: kwamba kijana anaokolewa na kile alichokidharau. Fanani naye ahakikiwe kama watunzi wengine.

Baadaye tafsiri ikaingia kwenye mkanda wenyewe, kisha kwenye diski na flashi. Uganda wanao mabingwa wao, kama VJ Jingo. Tanzania alivuma Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, ambaye mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings amemwandikia uchambuzi wa heshima. Nawakubali. Ila sauti iliyorekodiwa Dar es Salaam haiwezi kumwona mzee wa Kaisho amesinzia ikamtaja jina aamke. Fanani amebaki, hadhira imeondolewa mbele yake. Siku hizi vijana wengi wanaangalia kwenye simu, kila mtu na ya kwake.

Likizo iliyopita nilipita Nkwenda, nikakuta kibanda bado kinaendesha, zaidi kwa mpira. Kabla ya mechi waliweka Kung Fu Hustle, ya Stephen Chow ya mwaka 2004, ikiwa na sauti ya DJ wa mjini. Ndani yake mama mwenye nyumba, na vibanio vya nywele kichwani na sigara mdomoni, anafunga maji watu wakiwa na sabuni mwilini. Mama huyo ni Yuen Qiu, na mumewe ni Yuen Wah. Wote wawili walipita katika shule ile ile ya Yu Jim-yuen. Nyumba yenyewe ni salamu za Chow kwa wapangaji wale wa mwaka 1973. Nilikuwa nimekaa nikiyafurahia hayo peke yangu, kisomi. DJ alisema jambo kuhusu bili ya maji, watu wakacheka kiasi. Ndipo babu mmoja wa benchi la nyuma, bila kusimama, akaropoka kwa Kinyambo neno moja juu ya mtu wa pale pale anayeshika ufunguo wa bomba la kijiji. Kibanda kikalipuka. DJ aliendelea kusema kwa dakika nzima, na hakuna aliyemsikia.